Mtoto Anapimwa Kilo, Mama Haulizwi Neno

Siku ya chanjo katika zahanati za Ndhiwa au Nyatike, kazi huanzia kwenye mzani. Mtoto anavuliwa nguo, anatiwa kwenye kisuruali cha kupimia, ananing'inizwa kwenye ndoano, anapiga kelele, mshale unatulia, na nesi anatia nukta kwenye kijitabu cha kliniki. Mstari ukipanda, mama anasifiwa. Ukishuka anahojiwa: unamlisha nini, unamnyonyesha mara ngapi, mbona mwezi jana hukuja? Kazi hiyo hufanywa kwa bidii na imeokoa roho nyingi. Wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 6, wa 7, wa 9, mama yuko pale. Tena ni Homa Bay ambako Kenya ilizindua chanjo ya malaria Septemba 2019, na chanjo hiyo ikamwongezea mama safari za kliniki mpaka mtoto afikishe miaka miwili. Ukimtoa mwendesha bodaboda na askari wa trafiki, sidhani katika Homa Bay na Migori kuna mtu mzima anayekutana na serikali uso kwa uso mara nyingi kama mama mwenye mtoto mchanga.

Katika safari zote hizo, ni nadra mama mwenyewe kuulizwa moyo wake ukoje. Akiulizwa habari zake, ni za mshono, za maziwa, na za kupanga uzazi.

Siku hizi neno homoni limeingia midomoni mwetu. Linasikika redioni, linasikika kwenye vyama vya akina mama, na waume nao wameliokota. Nafurahi limeingia, ila jinsi tunavyolitumia inanitia shaka, kwa hiyo tuanze na mwili wenyewe.

Mimba inapokomaa, kondo la nyuma linatoa estrojeni na projesteroni kwa wingi ambao mwanamke hajawahi kuwa nao maishani mwake. Mtoto akizaliwa, kondo nalo likatoka, chanzo cha homoni hizo kimeondoka kwa mkupuo mmoja, na katika siku chache tu viwango vimerudi chini. Sasa hesabu siku hizo. Tangu Juni 2013, serikali ilipofuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma, akina mama wengi zaidi wanazalia hospitalini, na asiye na tatizo huruhusiwa baada ya siku moja hivi. Siku ya tatu au ya nne, homoni zikiwa zimeshuka, mama yuko nyumbani kwa mumewe. Maziwa yamejaa na yanauma, usingizi hana, nesi hayuko, na machozi yanamtoka bila sababu anayoweza kuitaja. Nusu ya wazazi au zaidi hupitia machozi hayo, na wengi wao hutulia kabla ya wiki mbili kwisha.

Kuna wasiotulia. Mwaka 2012 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha mapitio ya tafiti kutoka nchi za kipato kama chetu. Yalikadiria kwamba karibu asilimia 16 ya wajawazito, na karibu asilimia 20 ya waliojifungua, wana sonona au wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa. Mmoja kati ya watano. Halafu kuna mmoja au wawili kati ya kila wazazi 1,000 ambao akili huvurugika kabisa katika wiki za kwanza, wakawa wanasikia sauti, hawalali, wanamwogopa mtoto au wanamwogopea kupita kiasi. Huyo ni wa kukimbizwa hospitalini siku hiyo hiyo, kama anavyokimbizwa anayetokwa na damu.

Mbona basi homoni hushuka kwa wazazi wote, lakini si wote wanaougua? Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2000 lilinifungua macho. Watafiti waliwachukua wanawake 16 ambao hawakuwa wajawazito, wakawapa estrojeni na projesteroni kwa kiwango cha juu kwa wiki nane, kisha wakaziondoa bila wao kujua ni siku gani. Wanane kati yao waliwahi kuugua sonona baada ya kujifungua, na wanane hawakuwahi. Homoni zilipoondolewa, watano wa kundi la kwanza walizama tena katika huzuni. Wa kundi la pili hakuathirika hata mmoja. Dozi ilikuwa ile ile na mporomoko ule ule. Kilichotofautiana ni jinsi ubongo wa kila mmoja unavyoyapokea mabadiliko, ndiyo maana kumpima mama damu kuona ana homoni kiasi gani hakutakuambia kama ataugua. Itabidi umuulize.

Hilo ni jambo la mwili, halina aibu, na mama aliyelipata hakulitafuta. Lakini ngoja uone tunavyompokea.

Daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili, John Cox, alifanya kazi Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliwafuatilia wanawake 263 wa vijijini karibu na Kampala, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1979. Alikuta sonona ya uzazi ipo, wakati wasomi wengi waliamini ni ugonjwa wa Wazungu. Alikuta pia kwamba Waganda wana ugonjwa wa mzazi wanaouita amakiro: mama anachanganyikiwa, anaweza hata kumdhuru mtoto wake, na watu husema alitoka nje ya ndoa akiwa mjamzito. Cox alirudi kwao, na mwaka 1987 yeye na wenzake wawili wakachapisha maswali 10 ya kumtambua mama mwenye sonona. Yanaitwa kipimo cha Edinburgh na yanatumika duniani kote. Watu wanayaona kama kitu cha ng'ambo, kumbe mmoja wa walioyatunga alikuwa amewasikiliza kwanza wajawazito wa Buganda, nchi inayopakana na ziwa hili letu la Victoria.

Upande wetu wa ziwa, hukumu ni ya ukoo mmoja na ile ya amakiro. Mzazi akikonda, akikosa hamu ya kula, akimtazama mtoto kama wa jirani, kuna watakaonong'ona habari za chira, kwamba mila fulani imevunjwa: pengine alilala asipopaswa kulala, pengine boma lilijengwa bila kufuata utaratibu. Sisemi kila mzee wa Kiluo anaamini hivyo, na nimesikia wachungaji wakisema mabaya kuliko hayo. Ninachosema ni kwamba maelezo ya aina hii humwanzishia mgonjwa kesi. Anaulizwa alifanya nini, na mwenye sonona tayari anaamini kuna baya alilolifanya. Akikiri, kwake ni sawa tu, kwa kuwa kujilaumu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo, nesi anapomwambia mama kwamba homoni zimeshuka na ubongo wake umeyumba, amemfutia mashtaka. Hiyo ni faida kubwa, na mimi niko upande wa nesi.

Shida inakuja neno hilo hilo likishafika nyumbani. Mke analalamika kwamba hasaidiwi, anajibiwa ni homoni. Analia kwa kuwa amepigwa, anaambiwa ni siku zake. Msichana ananyamaza darasani mwezi mzima, mwalimu anasema ni kubalehe. Tumemtoa mwanamke kwenye chira tukamtia kwenye homoni, na kote hakuna aliyekaa chini akamuuliza kisa chake.

Nenda Muhuru Bay, Sori au Mbita, kwenye fukwe za omena, dagaa wa ziwani. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haufui dafu, na mashua nyingi hupumzika. Kwa mama anayenunua kwa wavuvi, anaanika juu ya nyavu, anageuza kwa mkono na kuuza kwa debe, kila mwezi una wiki ya ukata. Deni la chama halisubiri. Mvua ikinyesha omena haijakauka, mzigo huo utakwenda kwa bei ya chakula cha kuku. Na katika fukwe nyingi bado kuna jaboya, ambapo mvuvi hampi mwanamke samaki mpaka alale naye. Mwanamke huyo akikuambia kwamba kila mwezi kuna siku anatamani ardhi ipasuke immeze, usikimbilie kuhesabu hedhi. Kuna wanawake ambao kila mwezi, siku chache kabla ya hedhi, huzuni na hasira huwazidi nguvu mpaka kazi na ndoa vinatikisika. Hao wapo, na wana matibabu. Ila kwa huyu muulize pia mbalamwezi, deni, na mwenye mashua.

Katika fukwe hizi VVU navyo vina nafasi kubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kiwango cha maambukizi cha asilimia 19.6 kwa watu wazima wa Homa Bay na 13 kwa Migori, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Inamaanisha wazazi wengi wa hapa wanameza ARV wakinyonyesha, au wakiwa na kipandikizi cha uzazi mkononi. Kwa miaka mingi dawa iliyotumiwa sana ilikuwa efavirenz, ambayo huweza kuleta ndoto za kutisha na kushusha moyo. Hiyo hiyo huifanya homoni ya kipandikizi ipungue kwenye damu. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa wanawake zaidi ya 24,000 wenye VVU magharibi mwa Kenya: waliokuwa na kipandikizi huku wakimeza efavirenz walipata mimba mara tatu zaidi ya wenzao waliokuwa na kipandikizi lakini wakimeza nevirapine. (Hata hivyo kipandikizi kiliendelea kuzuia mimba kuliko njia nyingine nyingi, asisome mtu hapa akaenda kukitoa.) Siku hizi wengi wamehamishiwa dolutegravir, ambayo haina ugomvi huo. Lakini fikiria ni wanawake wangapi waliobeba mimba hizo, wakaambiwa wamedanganya kuhusu kipandikizi, wakapigiwa kelele na mume, na hakuna aliyewaeleza kwamba dawa mbili walizopewa na kliniki zilikuwa zinavutana ndani ya miili yao. Huzuni ya mwanamke huyo ni ya homoni au ya maisha? Mimi sioni mahali pa kupitisha kisu.

Jirani na hilo kuna suala la sindano ya miezi mitatu. Sindano na vipandikizi ndizo njia za kupanga uzazi zinazotumiwa zaidi Kenya, na zote mbili ni homoni. Wapo wanawake wanaosema tangu wachomwe sindano hawajielewi, hasira ziko karibu, tendo la ndoa hawalitaki, asubuhi ni nzito. Mara nyingi wanajibiwa kwamba hayo ni maneno ya sokoni. Denmark, ambako kila dawa inayotolewa huandikwa kwenye daftari la taifa, watafiti waliangalia kumbukumbu za wanawake na wasichana zaidi ya 1,000,000 wa miaka 15 hadi 34, na mwaka 2016 wakaripoti kwamba waliotumia njia za homoni walianzishiwa dawa za sonona mara nyingi zaidi kidogo kuliko wasiotumia. Tofauti ilikuwa kama nusu mtu kwa kila wanawake 100 kwa mwaka, na ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana chini ya miaka 20. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba homoni ndiyo iliyosababisha. Kwa wanawake walio wengi hakuna kinachobadilika. Na mimba isiyotakiwa, katika kaunti ambako utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu msichana mmoja kati ya wanne wa miaka 15 hadi 19 amewahi kushika mimba, ni njia ya uhakika zaidi ya kumtia mtu kwenye sonona kuliko sindano yoyote.

Hata hivyo mwanamke anayesema sindano imembadilisha anastahili kuaminiwa kiasi cha kubadilishiwa njia. Ukimpuuza hataendelea na sindano kwa heshima yako. Ataacha kuja, na mwezi wa tano utamwona kliniki ya wajawazito. Kipandikizi angalau hutolewa. Sindano ikishaingia, ni kusubiri miezi mitatu ipite, na mama ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajakunja mkono wa blauzi.

Wanaokaribia kukoma hedhi nao wamesahaulika zaidi. Estrojeni ya miaka hiyo hupanda na kushuka ovyo kabla ya kutulia, usingizi hukatika, jasho hutoka usiku. Kwenye ukanda wa malaria na VVU, jasho la usiku lina maelezo tayari. Mama wa miaka 48 atapimwa malaria, atapimwa virusi, atarudishwa nyumbani na Panadol.

Sasa dawa. Machi 2019 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa sonona ya baada ya kujifungua, breksanoloni. Ni nakala ya kitu ambacho mwili wenyewe huunda kutokana na projesteroni, kinachotuliza ubongo na ambacho huporomoka baada ya kujifungua. Mgonjwa aliwekewa dripu kwa saa 60 mfululizo. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola 34,000. Mwaka 2023 kikaidhinishwa kidonge cha jamii hiyo, cha kumeza kwa siku 14, nacho bei yake si ya sokoni Rongo. Nafurahi dawa hizi zilipatikana, kwa sababu zimethibitisha kwamba mama hakuwa anajidekeza. Ila mgonjwa wa Karungu angesubiri dripu hiyo, mtoto wake angemaliza shule.

Tiba ya kwetu iko ng'ambo ya ziwa, na imekuwepo zaidi ya miaka 20. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, maeneo yaliyokuwa yamefyekwa na UKIMWI, watu wenye sonona waliwekwa kwenye vikundi vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16. Wanawake walikaa peke yao na wanaume peke yao. Waliozungumza nao hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji wa huko, wenye elimu ya sekondari, waliofunzwa kwa wiki mbili. Mazungumzo yalihusu mambo kama msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Hakuna vidonge vilivyotolewa. Mwishoni, waliokuwa bado na sonona katika vikundi hivyo walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji vilivyolinganishwa nao walikuwa karibu 55. Shirika la Afya Duniani limeshatoa mwongozo wa njia hiyo, tangu mwaka 2016, na unapatikana bure.

Mtu ataniuliza, kama chanzo ni homoni, mazungumzo yatafaa nini? Yanafaa kwa kuwa homoni ikishauyumbisha ubongo, kinachoamua mama atasimama au ataanguka ni mengi yanayomzunguka: nani anapika, nani anashika mtoto usiku, kama mume yuko au yuko kwenye mashimo ya dhahabu ya Macalder, kama kuna mtu hata mmoja wa kumwambia ukweli. Kwa wale ambao sonona imekwishawakamata sana, vidonge kama fluoksetini na amitriptilini vimo katika orodha ya dawa muhimu za Kenya, ni vya bei nafuu, na kunyonyesha si sababu ya kumnyima mama matibabu. Daktari atamchagulia kinachomfaa.

Vya kuanzia tunavyo. Katika Kamagambo Kaskazini, Migori, hospitali ya jamii ya Lwala iliyoanzishwa mwaka 2007 na ndugu wawili, Milton na Fred Ochieng', iliwachukua wakunga wa jadi, akina nyamrerwa, ikawafanya wahudumu wa afya wa kijiji badala ya kuwafukuza. Wanawake hao wanaingia nyumba ambayo daktari hafiki. Tangu Septemba 2023 serikali ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wenye mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Yale maswali 10 ya Edinburgh yanaingia kwenye karatasi moja. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inazitaka kaunti kutoa huduma hii, kwa hiyo gavana hawezi kusema ni mambo ya Nairobi. Na kikwazo kimoja kibaya kimeondoka: swali la mwisho katika yale 10 linauliza kama mama amewazia kujidhuru, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Awali ukweli wa mama ungeweza kumfikisha kituo cha polisi.

Kilichobaki ni namna ya kuuliza, na hapa wataalamu wetu wakubali ushauri wa mtu asiyevaa koti jeupe. Mama mchanga wa vijijini haji kliniki peke yake. Huja na mama mkwe, yule anayemwita kwa jina la kwao, nyar Alego, nyar Gem, yaani binti wa Alego au wa Gem, na mara nyingi kwa upendo wa kweli. Lakini mwanamke hawezi kumwambia nesi kwamba hamtaki mtoto wake huku nyanya wa mtoto ameketi bega kwa bega naye kwenye benchi. Atasema yuko sawa, nesi ataandika yuko sawa, na karatasi ya Edinburgh itakuwa imepotezewa wino. Maswali yaulizwe wakati wa mzani. Nyanya apewe mtoto, amvue nguo, amtie kwenye kile kisuruali, abishane na mshale kuhusu kilo za mjukuu wake, jambo ambalo nyanya wengi wanalipenda. Dakika tano zinatosha, mradi chumba cha nesi kina mlango unaofungika.